Sebastião Salgado: Msanii Aliyezifanya Safari na Misaada ya Kibinadamu Kuwa Maonesho ya Picha

Sebastião Salgado, mpiga picha wa Brazil aliyefariki dunia jijini Paris, Ufaransa, tarehe 23 Mei, 2025 akiwa na umri wa miaka 81, anakumbukwa kwa picha zake za rangi nyeusi na nyeupe zilizouonesha ulimwengu maisha ya wakimbizi, waathirika wa njaa na wafanyakazi wa sulubu.

Salgado alizaliwa tarehe 8 Februari, 1944 katika mji wa Aimorés, jimbo la Minas Gerais, na kusomea uchumi. Mwaka 1969, yeye na mkewe, Lélia Wanick, walihamia Ufaransa kwa sababu ya utawala wa kijeshi nchini mwao. Baadaye aliajiriwa na Shirika la Kimataifa la Kahawa jijini London, na kazi hiyo ikamfikisha mara kwa mara barani Afrika. Katika safari hizo alibeba kamera ya mkewe, na mwaka 1973 aliacha uchumi ili ajikite katika upigaji picha.

Kati ya mwaka 1984 na 1985 aliambatana na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka katika ukanda wa Sahel uliokumbwa na ukame. Alipiga picha katika nchi za Chad, Ethiopia, Mali na Sudan, akikaa katika kambi na vituo vya tiba.

Mwaka 1994 alifika katika kambi ya Benako, wilayani Ngara, Tanzania, ambako zaidi ya wakimbizi 200,000 kutoka Rwanda walikuwa wameingia ndani ya siku chache wakikimbia mauaji ya kimbari. Picha za Benako ziliingizwa katika kazi yake kubwa kuhusu uhamaji wa watu, iliyooneshwa kwa umma kuanzia mwaka 2000. Mkewe ndiye aliyepanga maonesho yake mengi.

Hata hivyo, kazi hiyo ilizua mjadala. Baadhi ya wahakiki, akiwemo mwandishi Susan Sontag, walihoji iwapo ni haki mateso ya watu kupambwa kwa uzuri wa picha, tena bila majina ya wanaoonekana. Salgado alishikilia kuwa maskini naye anastahili kuoneshwa kwa heshima na katika mwanga uleule anaopewa tajiri.

Aliyoyashuhudia Rwanda yalimdhoofisha mwili na moyo, akaiweka kamera kando na kurejea katika shamba la wazazi wake, ambalo ardhi yake ilikuwa imechakaa kwa ukataji wa miti. Mwaka 1998, yeye na Lélia walianzisha Instituto Terra, taasisi ambayo imepanda miti zaidi ya milioni 2 ya asili ya eneo hilo.

Kuota upya kwa msitu huo kulimrudishia ari ya kupiga picha. Mwaka 2004 alianza mradi wa Genesis, unaohusu maeneo na jamii ambazo hazijabadilishwa sana na maisha ya kisasa. Maonesho yake yalifunguliwa katika Makumbusho ya Historia Asilia jijini London mwezi Aprili, 2013, kisha yakazunguka katika miji mingi duniani.