Twiga wa Soy na Grafu ya Mabaka

Twiga wa Rothschild aliainishwa na Richard Lydekker mwaka 1903, na uwanda wa Uasin Gishu ulikuwa miongoni mwa makao yake nchini Kenya. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970, kundi la takriban 130 lilikuwa limebanwa katika shamba kubwa la Soy, kaskazini mwa Eldoret, na shamba lenyewe lilikuwa likigawiwa wakulima wadogo. Mwaka 1974 wanandoa Jock na Betty Leslie-Melville walimchukua ndama aliyeitwa Daisy wakamlea Lang'ata, Nairobi. Wengine walihamishiwa Ziwa Nakuru. Kundi likishatawanywa hivyo, kuhesabu vichwa hakutoshi. Lazima kila mnyama ajulikane.

Njia ya kumjua ilikuwapo. Katika miaka ya 1960, J. Bristol Foster aliwatambua twiga wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi kwa picha za shingo zao. Rangi huweza kukolea kadiri mnyama anavyozeeka, ila mpangilio wa mabaka haubadiliki. Kazi yote ilikuwa ya macho.

Wataalamu wa kompyuta walikuwa wakihangaika na swali hilohilo: jinsi ya kutambua kitu kwa mpangilio wa sehemu zake. Mwaka 1971 Harry Barrow na Robin Popplestone, huko Edinburgh, walieleza vitu kwa uhusiano wa sehemu zake. Miaka miwili baadaye Martin Fischler na Robert Elschlager waliuchora uso kama macho, pua na mdomo vilivyounganishwa kwa springi: sehemu zaweza kusogea kidogo, lakini zikivutwa mno, programu hukataa kwamba ni uso.

Hiyo ndiyo grafu: nukta na mistari inayoziunganisha. Kwenye shingo ya twiga, kila baka huwa nukta, na mabaka mawili yanayotenganishwa na ufito mweupe huunganishwa kwa mstari. Twiga akiinama kunywa maji, ngozi huvutika na baka la pembe tano hurefuka, lakini majirani zake hubaki walewale. Udhaifu nao uko wazi. Tawi la mgunga likiziba mabaka mawili, nukta mbili zimepotea. Kivuli kikiunganisha mengine, grafu imeharibika. Alberto Sanfeliu na King-Sun Fu walipendekeza mwaka 1983 kupima tofauti kwa gharama ya marekebisho yanayohitajika ili grafu moja igeuke nyingine, na kwa grafu kubwa hesabu hiyo ni nzito mno.

Ndiyo maana HotSpotter, programu ya mwaka 2013 iliyokuja kutumika kuwatambua pundamilia na twiga wa Kenya, haikujenga grafu ya mabaka. Hulinganisha vipande vidogo vya picha, kisha hukagua kama vimekaa mahali panapolingana. Grafu ilirudi kwa mlango mwingine: katika tasnifu yake ya mwaka 2017, Jonathan Crall, mmoja wa waundaji wa HotSpotter, aliifanya kila picha kuwa nukta, na kila uamuzi wa "ndiye" au "siye" kuwa mstari. Picha ya kwanza ikifanana na ya pili, na ya pili na ya tatu, lakini ya kwanza ikaikana ya tatu, kuna kosa mahali fulani, na binadamu huitwa kuamua.

Picha ya ubavu wa kushoto na ya ubavu wa kulia haziwezi kuunganishwa moja kwa moja, kwa kuwa michoro ya pande hizo haifanani. Kwa hiyo, katika hesabu ya pundamilia wa Grevy ya Januari 2016, wapigapicha waliagizwa wapige upande wa kulia.