Nani Aliiambia Ilale?

Kompyuta ya mezani ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilijua hali mbili tu: imewashwa au imezimwa. Ukizima swichi kabla ya kuhifadhi kazi yako, kazi imekwenda. Hali ya tatu, ile ya kuwa hai huku umefumba macho, ilibidi ibuniwe, na walioibuni walikuwa na sababu zao. Sababu hizo nimezisoma kwa kulazimika. Niko Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, nikirekodi masimulizi ya wazee kuhusu uyeyushaji wa chuma Ufipa kwa ajili ya tasnifu ya uzamili. Kompyuta mpakato ninayoitumia ni ya mwaka 2013, imepitia mikono mingine kabla ya yangu, na ilianza kusinzia bila kuambiwa na mtu.

Kilichouma zaidi ni wakati iliouchagua. Usiku, ninapoandika peke yangu, ilikesha nami bila tatizo. Ilisinzia mchana, barazani kwa watu. Utaratibu wangu ni kumchezea mzee wa kijiji hiki kipande cha masimulizi ya mzee wa kijiji kingine, ili akubali, apinge au aongeze. Wafipa walijenga matanuri marefu ya udongo, malungu, yenye urefu wa mita 3 hivi, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo la pili, hapo sasa kwa mivukuto. Majembe ya dukani kutoka Ulaya yaliua kazi hiyo, na kufikia katikati ya karne ya 20 malungu yalikuwa yamepoa. Ninaozungumza nao, kwa hiyo, ni watoto wa wayeyushaji. Wana miaka 80 na kuendelea, na saa moja ya mazungumzo inawatosha. Kioo kikizima katikati ya sentensi, unabonyeza, unasubiri, unaandika nywila, unatafuta ulipoishia, na ukiinua macho mzee ameshahamia kwenye bei ya mahindi. Mara ya tatu babu mmoja alicheka. "Mjukuu wangu," akasema, "hiyo mashine yako imechoka kusikia mambo ya zamani."

Fundi niliyempelekea alikuwa na jibu ambalo kila mwenye kompyuta nchini hii amewahi kupewa: tupige Windows upya. Nilikataa kwa sababu ambayo mwanafunzi wa historia ataielewa upesi. Kupiga Windows upya ili kujua kwa nini mashine inalala ni sawa na kuchoma nyaraka za baraza ili kumaliza ugomvi wa shamba. Huenda ugomvi ukaisha, lakini hutajua kamwe nani alikuwa na haki.

Dhana ya joto niliiondoa mapema. Uwanda wa Ufipa uko juu, baridi ya Juni na Julai inamfanya mtu aote jua saa nne asubuhi, na mashine iliyozidiwa na joto kwa kawaida huzimika kabisa, haisinzii. Dhana ya betri ilikuwa na uzito zaidi, na ina historia ya mahali hapa. Kwa miaka mingi Rukwa haikuwa kwenye gridi ya taifa. Sumbawanga ilitegemea umeme ulionunuliwa Zambia pamoja na majenereta ya dizeli, na njia kubwa ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga ni mradi wa kizazi chetu. Mtu anayeishi mwisho wa waya huufahamu umeme unaopungua nguvu kwa sekunde mbili, taa ikawa nyekundu, kisha ukarudi. Kompyuta huiona sekunde hiyo. Inahamia kwenye betri, na betri kuukuu ni shahidi mbaya. Ndani yake kuna chipu inayohesabu umeme unaoingia na kutoka, kama karani wa ghala. Magunia yakiliwa na panya bila karani kujua, daftari litaendelea kusema ghala limejaa. Ndiyo maana betri ya zamani inaonyesha asilimia 40, na dakika moja baadaye inasema 4, na mashine inajilaza ili kuokoa kazi yako. Amri ya powercfg /batteryreport ilinionyesha kwamba betri yangu imebaki na chini ya nusu ya uwezo iliozaliwa nao. Hukumu ilionekana imepatikana. Tatizo ni kwamba barazani kwa yule babu betri ilikuwa imejaa, na ilisinzia vilevile.

Hapo ikabidi niulize swali kwa namna nyingine: ni nani, ndani ya mashine, mwenye mamlaka ya kuilaza?

Mwaka 1982 kampuni ya Marekani iitwayo GRiD ilitoa kompyuta ya Compass, iliyosanifiwa na Mwingereza Bill Moggridge. Kioo chake kilikunjwa juu ya kibodi kwa bawaba, kama kitabu. Iliuzwa kwa zaidi ya dola 8,000, na shirika la anga la NASA liliibeba kwenye vyombo vyake. Umbo hilo ndilo tunalolibeba mgongoni hadi leo, na liliipa kompyuta kitu ambacho haikuwa nacho kabla: kifuniko. Kifuniko kilikuja kuwa ishara. Kimefungwa, basi mwenyewe ameondoka.

Miaka 10 baadaye ikaja hoja ya pili, nayo haikuhusu safari wala wazee wa Ufipa. Mwaka 1992 idara ya mazingira ya Marekani ilianzisha alama ya Energy Star, na bidhaa za kwanza kuibeba zilikuwa kompyuta na vioo vyake, kwa sababu maofisini mashine ziliachwa zikiwaka usiku kucha bila mtu. Mwaka huohuo Intel na Microsoft walitoa utaratibu ulioitwa APM. Chini ya APM, mwenye neno la mwisho alikuwa BIOS, programu ndogo inayokaa kwenye chipu ya ubao mama na kuamka kabla ya kila kitu. BIOS ilihesabu muda, ikiona kimya, inapunguza umeme, na mara nyingine Windows yenyewe ilikuwa haina habari. Mtumiaji aliyeuliza sababu hakuwa na pa kuuliza.

Sisi hatukuwepo kwenye mazungumzo hayo. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza ya serikali mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Mwaka 1974, baada ya hesabu za Hazina kuvurugika mikononi mwa mashine na wataalamu wa kukodi, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta bila kibali. Marufuku hayo yalikuja kulegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wengi huyacheka. Mimi nayaona yana busara fulani ndani yake, kwa kuwa swali lililokuwa nyuma yake, la nani anaamua pale mashine inapoamua, lilikuwa swali sahihi. Ila jibu la kufunga mlango lilitufanya tuyapokee maamuzi ya wengine yakiwa yameshapikwa: kifuniko, usingizi, ofisi yenye umeme usiokatika.

Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba walichapisha utaratibu mpya, ACPI, na mamlaka yakahama. Kuanzia hapo mfumo endeshi ndio unaoamua. Vifaa vinaleta taarifa tu. Usingizi ulipangwa kwa ngazi. Katika S3 karibu kila kitu kinazimwa isipokuwa kumbukumbu ya muda, inayopewa umeme kidogo ili isisahau. Katika S4 kumbukumbu hiyo inaandikwa kwenye diski na mashine inalala fofofo. Windows XP iliita usingizi huo hali ya kusubiri. Vista ikaubadilisha jina, ikauita kulala. Kwangu mimi, jambo kubwa la mageuzi hayo ni kwamba anayeamua sasa ni karani mwenye daftari. Kila mara Windows inapolala, inaandika kwenye kumbukumbu ya matukio, chini ya jina Kernel-Power, tukio namba 42, pamoja na sababu. Inapoamka, Power-Troubleshooter inaandika tukio namba 1, lenye saa ya kulala na saa ya kuamka. Daftari hilo ndilo ambalo fundi alitaka kulifuta.

Nililifungua usiku, chumbani. Nikaweka saa za tukio namba 42 kando ya daftari langu la mahojiano, ambalo nalo lina saa. Kulikuwa na usingizi uliotokana na betri, wa siku za umeme kupungua. Lakini ule wa barazani, wote, ulikuwa na sababu moja: kitufe au kifuniko. Mashine iliamini nimeifunga.

Inaaminije? Mwaka 1879 Edwin Hall, mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Baltimore, alipitisha umeme kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu, akasogeza sumaku, akaona volti ndogo ikijitokeza upande kwa upande. Leo kompyuta mpakato nyingi zina sensa ya Hall chini ya plastiki karibu na kibodi, na kipande cha sumaku kwenye fremu ya kioo. Kioo kikishuka, sumaku inakaribia, volti inabadilika, taarifa inakwenda: kifuniko kimefungwa. Sensa haioni kifuniko. Inaona sumaku, na sumaku yoyote inatosha.

Chumbani nasikiliza kwa visikio. Barazani, kwa kuwa masikio ya wazee si yale ya zamani, naunganisha spika ndogo na kuiweka juu ya stuli ileile, ikigusana na mashine. Nyuma ya kila spika kuna sumaku. Usiku ule niliipitisha taratibu kwenye ukingo wa kibodi, kutoka kulia kwenda kushoto, na ilipofika sentimita chache kutoka kitufe cha Caps Lock, kioo kikazima.

Dawa ilikuwa ni stuli ya pili. Mwenye shida hii asiyeweza kusogeza sumaku yake, iwe ya spika, ya kava la simu au ya bangili, aingie kwenye mipangilio ya umeme na kuchagua kwamba kifuniko kikifungwa mashine isifanye lolote. Ila akumbuke kuizima kwa mkono kabla ya kuitia begini, la sivyo itachemka humo. Wiki iliyofuata nilirudi kwa babu. Alisikiliza kipande chote, dakika 14, kisha akasema aliyesimulia amekosea: mti uliotumika kuchomea mkaa wa ilungu haukuwa ule. Akautaja mwingine. Mjukuu wake wa kike, anayesoma kidato cha tatu, aliniandikia jina lake kwa Kifipa.

Betri nimeiacha kama ilivyo, mpya inanishinda bei. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine ya umri huu haikidhi masharti ya Windows 11, kwa hiyo siku zake zinahesabika. Mwenzangu wa darasani ana mpya. Nilimwomba aandike powercfg /a, amri inayoorodhesha aina za usingizi ambazo kompyuta inazijua. Kwenye yangu S3 imo. Kwenye yake haimo. Imebaki ile aina mpya ambayo mashine inasinzia huku intaneti ikiwa imeshikwa, kama simu. Ananiambia inaisha chaji begini, na hajui kwa nini.