Mabondia Wakuu wa Uzani wa Kati: Nani Anastahili Kiti cha Mbele?

Wiki iliyopita, baada ya kipindi cha mbinu za utafiti wa kihistoria, mwanafunzi mmoja alinifuata ofisini akiwa na simu mkononi. "Mwalimu," akasema, "tazama orodha hii ya mabondia. Nafasi ya kwanza wamempa Harry Greb, mtu ambaye hakuna aliye hai aliyepata kumwona akipigana. Hii ni historia au ni ngano?" Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu swali lake lilikuwa zito kuliko ndondi zenyewe. Makala haya ndiyo majibu niliyoshindwa kumpa papo hapo.

Uzani wa kati ni ule usiozidi ratili 160, yaani kama kilo 72 na nusu. Ndio uzani wa mwanamume wa kawaida, na pengine ndiyo maana umezaa mabingwa wengi wanaopendwa. Katika kuwapanga natumia vigezo vitatu: bondia alipigana na nani, alitawala kwa muda gani, na alifanya nini siku mambo yalipomwendea kombo. Umaarufu na fedha siviweki kwenye mizani.

Nianze na huyo Greb. Alizaliwa Pittsburgh, Marekani, mwaka 1894, akapigana mapambano yapatayo 300. Mwaka 1922 alimshinda Gene Tunney, aliyekuwa mzito kuliko yeye, na Tunney huyohuyo ndiye aliyekuja kumvua Jack Dempsey taji la dunia la uzani wa juu. Katika maisha yake yote ya ulingoni Tunney hakushindwa na mtu mwingine. Greb alitwaa ubingwa wa uzani wa kati mwaka 1923 na kuushikilia hadi 1926, na kwa miaka kadhaa alipigana akiwa na jicho moja lisiloona, siri aliyoificha kwa madaktari na wapinzani. Tena, katika zama ambazo mabingwa wengi weupe waliwakwepa mabondia weusi, Greb hakuwakwepa. Aliyemvua taji, Tiger Flowers, ndiye mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzani huu.

Hata hivyo, hakuna filamu ya pambano lake lolote inayojulikana kuwapo leo. Tulicho nacho ni magazeti. Katika majimbo mengi ya Marekani ya wakati ule sheria haikuruhusu waamuzi kutangaza mshindi pambano likimalizika bila mtu kuangushwa, hivyo waandishi walioketi kando ya ulingo ndio waliotoa hukumu kesho yake asubuhi. Je, ushahidi wa namna hiyo unatosha?

Hapa ndipo nilipoacha kucheka. Mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper, mwanahistoria wa Oxford, alidai kwamba Afrika haina historia ila ile ya Wazungu waliokuja humo, na kwamba kilichobaki ni giza. Hoja yake, ukiivua joho, ni hoja ya mwanafunzi wangu: kile ambacho hakikuhifadhiwa kwa chombo ninachokiamini mimi hakikutokea. Sisi tuliosomea historia ya bara hili tulijibu kwamba ushahidi una nyumba nyingi. Masimulizi hulinganishwa na masimulizi mengine, shahidi adui huthaminiwa kuliko shahidi rafiki, na mambo yaliyokubaliwa na wengi wasio na masilahi ya pamoja huwa na uzito. Nikimpima Greb kwa mizani hiyo, waandishi wa miji tofauti, wengi wao wakiwa hawampendi, walimpa ushindi mara baada ya mara. Siwezi kuidai kanuni hiyo kwa ajili ya babu zangu kisha nimnyime mtu wa Pittsburgh. Namweka wa kwanza.

Wengi watapiga kelele: na Sugar Ray Robinson je? Nakubali kwamba ukichanganya uzani zote, huenda hajapata kutokea bondia kamili kama yeye. Tarehe 14 Februari 1951 alimvua Jake LaMotta taji huko Chicago, na kabla ya kumaliza safari yake alikuwa ameutwaa ubingwa wa uzani wa kati mara tano. Lakini hesabu ina pande mbili. Ili uutwae mara tano, ni lazima uupoteze. Robinson alishindwa na Randy Turpin jijini London, kisha na Gene Fullmer, Carmen Basilio na Paul Pender. Kilele chake kilikuwa katika uzani wa chini ya huu. Namweka wa pili, na sioni kama ni tusi.

Wa tatu ni Marvin Hagler. Kwa miaka mingi alinyimwa nafasi ya kuwania taji, na alipoipata mwaka 1979 waamuzi wakasema ni sare. Mwaka uliofuata alimpiga Alan Minter jijini London katika raundi ya tatu, na badala ya kuvishwa mkanda kwa heshima alikingwa mwili na watu wake huku chupa zikirushwa ulingoni. Alilitetea taji mara 12. Watu wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kumkumbuka: mwaka 1986 alipambana Las Vegas na John Mugabi wa Uganda, mshindi wa medali ya fedha ya Olimpiki ya Moscow, ambaye hadi usiku ule alikuwa amewamaliza wapinzani wake wote wa kulipwa kabla ya kengele ya mwisho. Mugabi alisimama hadi raundi ya 11. Mwaka 1987 Hagler alishindwa na Sugar Ray Leonard kwa uamuzi uliowagawa majaji na unaowagawa watu hadi leo. Akaondoka, asirudi tena.

Wa nne ananipa taabu. Carlos Monzón wa Argentina alitawala tangu 1970 hadi 1977, akalitetea taji mara 14 na kustaafu bila kuvuliwa. Kwa rekodi peke yake angeweza kuketi juu ya Hagler. Mwaka 1988 alimuua Alicia Muñiz, mama wa mtoto wake, akahukumiwa kifungo, na mwaka 1995 akafa kwa ajali ya gari akiwa katika ruhusa ya kutoka gerezani. Simwondoi katika orodha, kwa kuwa historia si mahakama. Lakini kila ninapolitaja jina lake nitalitaja na la Alicia. Tabia ya kusifu mikono ya mwanamume na kunyamazia ilipoangukia ni tabia tunayoijua vizuri hata huku kwetu.

Wa tano ni Bernard Hopkins, aliyejifunza subira gerezani akiwa kijana, kisha akalitetea taji lake mara 20 kati ya 1995 na 2005.

Wa sita ni Dick Tiger, na hapa nakiri mapenzi. Jina lake ni Richard Ihetu, Mwigbo wa Nigeria. Alimpiga Fullmer mwaka 1962 na kuwa bingwa wa dunia. Agosti 1963, mwaka uleule wa giza la Trevor-Roper, alirudiana naye Ibadan na kumshinda mbele ya umati wa watu wake. Miaka minne baadaye nchi ile iliingia vitani. Tiger alisimama na Biafra, na mwaka 1969 akairudishia Uingereza nishani iliyompa kwa sababu ilikuwa ikiisaidia serikali ya Nigeria. Alimalizia kazi kama mlinzi katika jumba la makumbusho jijini New York, akafa kwa saratani ya ini mwaka 1971. Ningeweza kumpandisha hadi wa tatu kwa sababu ni Mwafrika, lakini huko kungekuwa kumhurumia, naye hakuwahi kuomba huruma.

Nafasi ya saba naiacha wazi. Ni ya Charley Burley, Mmarekani mweusi aliyeogopwa na mabingwa wa miaka ya 1940 na ambaye hakupewa hata siku moja nafasi ya kuwania taji la dunia. Yeye na wenzake ndio wanaoikosoa kila orodha, pamoja na hii yangu. Nitamwambia mwanafunzi wangu hivi: ukishapewa orodha ya wakuu, waulize kwanza wale waliofungiwa mlango.