Kufuata Mkumbo: Kwa Nini Mikono Huinuka Pamoja

Wanasaikolojia wa jamii hutumia istilahi ya Kiingereza conformity kwa hali ya mtu kubadili kauli au tendo lake ili lifanane na la wenzake, ingawa hakuna aliyemwamuru. Kuiita ufuasi kunampeleka msomaji kwa kiongozi au dini. Kuiita ulinganifu kunampeleka kwenye maumbo na vipimo. Kiswahili kina msemo ulioiva: kufuata mkumbo. Kukumba ni kusukuma au kuzoa kwa nguvu, na anayezolewa huenda waendako wengine. Msemo huu pia unaitenga dhana na jirani zake wawili. Utii una anayeamuru. Muafaka huja baada ya hoja kusikilizwa. Mkumbo hauhitaji amri wala hoja.

Tuuone ukifanya kazi katika mkutano mkuu wa ushirika wa maziwa, kama ule wa Njoro au Molo, Kenya. Mwenyekiti anasoma pendekezo la kuongeza makato kwa kila lita, kisha anauliza, “Wanaounga mkono?” Safu ya mbele, walipoketi wanakamati, inainua mikono papo hapo. Huko nyuma watu wanatazamana kwanza. Mkono mmoja unafika usawa wa bega, unangoja wa jirani, kisha unapanda wote. “Wanaopinga?” Kimya. “Imepita.” Baadaye, kwenye steji ya matatu, watu wale wale wanaulizana ni nani aliyekubali makato hayo.

Solomon Asch alilipima jambo hili nchini Marekani mwaka 1951. Aliwaonyesha wanafunzi wa chuo mistari na kuwauliza ni upi unaolingana kwa urefu na mstari wa mfano. Katika kila kundi, wote isipokuwa mmoja walikuwa wamepangwa kutoa jibu moja la uongo. Mtu akiwa peke yake ni nadra kukosea swali hilo. Ndani ya kundi, takriban thuluthi moja ya majibu ilifuata uongo wa wengi, na robo tatu ya waliojaribiwa waliufuata angalau mara moja. Mtu mwingine mmoja aliposema kweli, mkumbo ulipungua sana. Ulipungua pia mhusika alipoandika jibu lake badala ya kulitamka.

Mwaka 1955, Morton Deutsch na Harold Gerard walitofautisha nguvu mbili zinazouendesha. Ya kwanza tunaweza kuiita mkumbo wa kuaminiana: sijui hesabu za ushirika, basi nadhani walioinua mikono wanazijua. Ya pili ni mkumbo wa haya: najua pendekezo ni baya, lakini sitaki kuonekana msaliti. Wa kwanza hutibiwa kwa taarifa, hesabu zikisambazwa kabla ya mkutano. Wa pili hautibiki kwa taarifa hata kidogo. Unahitaji faragha.

Kenya iliwahi kuuingiza mkumbo wa haya katika uchaguzi. Mwaka 1986 KANU, chama pekee halali wakati huo, iliamua kwamba wagombea wateuliwe kwa mlolongo, wapiga kura wakipanga foleni nyuma ya mgombea, wakala wake au picha yake. Baraza la Makanisa, NCCK, lilipinga. Mlolongo ukafanyika Februari 1988, na aliyevuka asilimia 70 akahesabiwa amechaguliwa bila kusubiri kura ya siri ya Machi. Desemba 1990, baada ya kamati ya George Saitoti kuzunguka nchini ikisikiliza wananchi, KANU ikaufuta. Wengi hukumbuka foleni fupi zilizotangazwa mshindi. Mimi nasema dhara lilianza kabla ya hesabu: kila mtu alichagua mahali pa kusimama huku chifu, mwajiri na jirani wakimtazama.

Kifungu cha 81 cha Katiba ya 2010 kinataka uchaguzi uwe wa kura ya siri. Hata hivyo, mikutano mingi ya ushirika, ya wazazi na ya kujadili bajeti ya kaunti bado huamua kwa mikono. Katikati ya Bonde la Ufa jambo hili ni zito. Ghasia za 1992 na zile zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwaonyesha watu wa Molo na Kuresoi kwamba upande aliosimama mtu unaweza kukumbukwa kwa miaka. Kumwambia mwanachama ajipe moyo na kusema wazi ni kumtwika mzigo ambao mkutano wenyewe unaweza kumwondolea.

Mwenyekiti atoe maoni yake mwisho. Wanaopinga waulizwe kwanza, na wasioinua mkono wahesabiwe, maana kimya si ndiyo. Na kila pendekezo linalogusa fedha za wanachama, ardhi au uongozi liamuliwe kwa karatasi na sanduku, hata kama kikao kitachelewa kufungwa.