Kazi na biashara baada ya kustaafu, Malakisi

Malakisi ni mji mdogo wa Kaunti ya Bungoma, magharibi mwa Kenya, usio mbali na mpaka wa Uganda kule Lwakhakha. Wastaafu wake ni wa makundi mawili yasiyofanana: watumishi wa serikali, walimu wakiwa mstari wa mbele, na watu waliotoka viwandani, hasa Nzoia Sugar na kile kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, Webuye, kilichofungwa 2009. Kukaa bure si desturi ya kundi lolote. Wanachotofautiana ni fedha za kuanzia, na wakati zinapofika.

Umri wa lazima wa kustaafu serikalini uliongezwa mwaka 2009 kutoka miaka 55 hadi 60. Katika mfumo wa zamani wa pensheni, mshahara wa msingi wa mwaka huzidishwa kwa miezi ya utumishi, kisha hugawanywa kwa 480. Marupurupu ya nyumba hayamo. Robo ya pensheni hiyo huweza kuzidishwa mara 20 ikawa kiinua mgongo. Mwalimu aliyefundisha miaka 30 na kumaliza na mshahara wa msingi wa shilingi 60,000 kwa mwezi hupata basi kiinua mgongo cha shilingi 2,700,000, na pensheni ya shilingi 33,750 kila mwezi. Mpango mpya wa kuchangia, ulioanza Januari 2021, uliwachukua walio chini ya miaka 45, hivyo wanaostaafu sasa kwa kutimiza umri wengi wao ni wa hesabu hii ya zamani. Mfanyakazi wa kiwanda hesabu yake ni nyembamba: hadi sheria mpya ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ilipoanza kutekelezwa 2023, alichanga shilingi 200 kwa mwezi na mwajiri 200. Akiba hiyo hutosha kibanda au pikipiki, si ploti ya nyumba za kupangisha.

Mahindi ndiyo biashara inayotajwa kwanza. Mwenye fedha hukodi shamba Trans Nzoia, karibu na Kitale, mji wa Kenya Seed, kampuni ya mbegu iliyoanzishwa 1956. Machi na Aprili pesa hutoka mfululizo: kodi ya shamba, trekta, mbegu, mbolea ya kupandia. Mvua ikikolea yaja mbolea ya kukuzia na vibarua wa palizi. Mavuno ya nyanda hizo huanza Oktoba, na hapo kila mtu anauza, bei imelala. Januari shule zinafunguliwa na karo inadaiwa. Asiye na kipato kingine huwauzia madalali gunia la kilo 90 palepale shambani. Mwenye pensheni hukausha mahindi yake, akayahifadhi, akasubiri miezi ya uhaba kabla ya mavuno mapya. Kwa mkulima, basi, ile 33,750 ya kila mwezi ina kazi kubwa kuliko milioni mbili na ushei za mkupuo, ingawa sherehe hufanyiwa zile milioni.

Milioni zenyewe hupokewa na ukoo mzima. Zikiangukia mwaka unaogawanyika kwa mbili, Agosti ni msimu wa tohara ya Wabukusu, na babu mwenye hela mpya haulizwi kama atachangia. Deni la sacco nalo lina fungu lake: mikopo ya Ng'arisha, iliyoanza kama sacco ya walimu wa Bungoma, hukatwa kwenye mshahara, na mshahara ukikoma salio hubaki kulipwa.

Tumbaku, zao lililoutambulisha mji kupitia mikataba ya kampuni ya sigara ya BAT, haimfai mzee: kuchuma majani na kuyakausha kwa moto wa kuni kunahitaji nguvu, au vibarua wa kulipwa. Ng'ombe wa gredi, mashine ya kusaga na duka la pembejeo huingiza kidogo kidogo, lakini mara nyingi. Anayefika 70 bila pensheni yoyote anaweza kuandikishwa katika mpango wa serikali wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi.

Mstaafu wa mfumo wa zamani akifariki, wategemezi wake hulipwa pensheni kwa miaka 5. Ploti iliyosajiliwa kwa jina lake peke yake haiuzwi wala kuhamishwa mpaka familia ipate hati za urithi mahakamani, na kodi ya wapangaji katika kipindi hicho huweza kuwagombanisha ndugu.