Makazi, Usiku na Jukwaa: Hadhira ya Tamthilia Jijini Nairobi katika Historia

Utangulizi

Wahakiki wa tamthilia nchini Kenya wameandika mengi kuhusu maudhui, lugha na itikadi. Suala ambalo halijapewa uzito unaostahili ni lile la makazi: je, mtazamaji hulala wapi baada ya onyesho kumalizika? Huenda swali hili likaonekana kuwa la msafiri anayetafuta hoteli, wala si la mhakiki. Makala haya yanashikilia kinyume cha hayo. Hoja yetu ya msingi ni kwamba umbali baina ya malazi na jukwaa umechangia pakubwa kuamua ni nani aliyehesabiwa kuwa hadhira jijini Nairobi.

Uhusiano huu haukuzaliwa Afrika. Mnamo Septemba 1599, Thomas Platter, msafiri kutoka Uswisi aliyekuwa akizuru London, alivuka mto Thames baada ya chakula cha mchana, akatazama tamthilia ya Julius Caesar, ambayo Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963. Kumbi za wakati huo zilikuwa wazi juu na zilitegemea mwanga wa jua. Kwa hiyo onyesho lilianza yapata saa nane mchana. Mgeni aliyelala ng'ambo ya mto aliweza kurejea kabla ya giza. Saa ya onyesho na mahali pa kulala, basi, ni mambo yasiyotenganishika.

Jiji Lililogawanywa

Nairobi ilianza kama kituo cha reli mwaka 1899. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa mwaka 1904 kuwahudumia walowezi na wasafiri wa Kizungu. Jiji lilivyokua, makazi yaligawanywa kwa misingi ya rangi: Wazungu walikaa magharibi na kaskazini, Waasia katika sehemu kama Parklands na Ngara, nao Waafrika wakasukumwa mashariki, Pumwani na, baadaye, Kaloleni na mitaa mingine ya wafanyakazi. Mgeni wa Kizungu alichagua pa kukaa, Mwafrika alichaguliwa. Juu ya hayo, kipande na kanuni zilizodhibiti mwendo wake usiku zilifanya kila safari ya baada ya jua kutua kuwa ya hatari.

Ni katika mazingira hayo ambapo Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho ulifunguliwa mnamo Novemba 1952, majuma machache tu baada ya Hali ya Hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba. Ulijengwa mkabala na Hoteli ya Norfolk. Kwa aliyelala hotelini, kwenda kutazama tamthilia kulikuwa kuvuka barabara. Kwa mkaazi wa Kaloleni, kulikuwa kuvuka jiji zima usiku, katika kipindi ambacho Operesheni Anvil ya mwaka 1954 iliwakamata maelfu ya watu papo hapo mitaani mwao. Neno "kitaifa" halikuweza kuufuta umbali huo.

Haya hayamaanishi kuwa tamthilia ya Kiswahili haikuwapo. Nakupenda Lakini ya Henry Kuria, iliyochapishwa mwaka 1957, ilitokana na uigizaji katika Shule ya Upili ya Alliance, Kikuyu. Hapo wanafunzi walilala palepale walipoigiza. Si ajabu kwamba shule ya bweni ikawa mlezi wa awali wa tamthilia ya Kiswahili nchini: bweni lilitatua tatizo ambalo jiji lilikataa kulitatua.

Je, Tatizo ni Lugha Pekee?

Kuna wanaoweza kudai kwamba Waafrika hawakuujaza Ukumbi wa Kitaifa kwa sababu ya Kiingereza. Dai hili lina ukweli, lakini halitoshelezi. Mnamo Oktoba 1976, The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, pamoja na Betrayal in the City ya Francis Imbuga, ziliigizwa ukumbini humo katika matayarisho ya tamasha la FESTAC lililofanyika Lagos mwaka 1977. Zote ni za Kiingereza, na zilitengewa siku chache mno. Hata hivyo watu walifurika. Lugha ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba jukwaa lilisimulia historia yao.

Kamĩrĩĩthũ, Limuru, ilichukua njia nyingine. Badala ya kumwita mtazamaji mjini, tamthilia ilipelekwa alikolala. Mazoezi ya Ngaahika Ndeenda yalipangwa Jumamosi na Jumapili alasiri ili yasigongane na saa za kazi, na wanakijiji wakajijengea ukumbi wa wazi wa watu zaidi ya 2,000. Onyesho lilianza tarehe 2 Oktoba 1977. Kufikia katikati ya Novemba serikali ilikuwa imeondoa kibali.

Mwaka 1982 unaitia hoja yetu majaribuni. Kundi hilo liliponyimwa Ukumbi wa Kitaifa kwa ajili ya Maitũ Njugĩra, lilifanya mazoezi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na maelfu wakaja kutoka mbali kuyatazama. Je, umbali haukuwa kitu? La hasha. Umbali ulishindwa kwa sababu watu walisafiri kwa pamoja. Kile ambacho mtu mmoja hangekimudu usiku, jamii ilikimudu. Serikali ilitambua nguvu hiyo: mazoezi yakapigwa marufuku, na Machi 1982 ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ ukabomolewa.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba historia ya jukwaa la Nairobi ni historia ya makazi pia. Leo makundi yanayoigiza vitabu teule vya Kiswahili huwafuata wanafunzi shuleni au huwaita ukumbini mchana, naye mfanyakazi anayerudi mashariki mwa jiji kwa matatu jioni hubaki nje ya ratiba. Kusema kwamba mtu huyo hapendi sanaa ni kumtwika lawama ya ramani asiyoichora. Kabla ya kuhukumu udhaifu wa hadhira, mtafiti wa sanaa za maonyesho hana budi kuuliza maswali mawili: onyesho lilianza saa ngapi, na mtazamaji alirudi nyumbani kwa njia gani?