Picha ya ubongo na kijana aliyeanza kuugua akili

Kijana wa Isiolo akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, na akakataa chakula kwa kuogopa kutiliwa sumu, nyumba nzima hutaharuki. Mmoja atasema ni majini, mwingine atasema ni miraa. Wa tatu atasema: “Tuchangeni apelekwe Nairobi, apigwe picha ya kichwa tujue ana nini.” Safari ni karibu kilomita 280, na huenda mbuzi wakauzwa. Basi ni vyema tujue picha hiyo husema nini.

Skizofrenia ni maradhi ya akili ambayo aghalabu huanza ujanani. Mpaka leo hakuna mashine inayoyathibitisha kwa mgonjwa mmoja mmoja. Daktari huyatambua kwa kumhoji mgonjwa na jamaa zake, na kwa kufuatilia dalili. Picha akiiagiza, anataka kuhakikisha kwamba hakuna uvimbe, jeraha au maambukizi ya ubongo. Ikirudi safi, haina maana kwamba kijana anajifanya.

Watafiti huitumia picha kwa njia nyingine: hulinganisha makundi ya watu. Mwaka 1976, Eve Johnstone na wenzake huko Uingereza walitumia mashine ya CT. Waliona kwamba nafasi zenye majimaji ndani ya ubongo zilikuwa pana zaidi kwa watu waliougua miaka mingi. Lakini mtu aliyeugua na kutibiwa muda mrefu ni vigumu kumjua: ni maradhi au ni dawa? Ndiyo maana wengi wakageukia wale walioanza tu kuugua.

Mwaka 2000, huko Toronto, Kanada, Shitij Kapur na wenzake waliwapima wagonjwa 22 waliougua kwa mara ya kwanza, wakiwa kwenye dozi ndogo za haloperidoli. Mashine ya PET ilionyesha ni kiasi gani dawa imeziba vipokezi vya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ubongoni. Vilipozibwa zaidi ya asilimia 65, nafuu ilikuwa karibu zaidi. Vilipozibwa zaidi ya asilimia 78, madhara kama mwili kukakamaa yaliongezeka. Kumbe dozi ndogo yaweza kutosha kwa anayeanza.

Mwaka 2011, Beng-Choon Ho na Nancy Andreasen wa Iowa, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa 211 waliofuatiliwa kwa MRI tangu mwanzo wa maradhi, kwa wastani wa miaka saba hivi. Waliopewa dawa nyingi zaidi walionekana kupungukiwa zaidi na tishu za ubongo. Hilo halina maana dawa ni sumu, kwani huenda aliyezidiwa ndiye hupewa nyingi. Na anayeziacha ghafla, mara nyingi maradhi humrudia.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, tuanzie hospitali ya kaunti. Akisomewa dua, asizuiwe dawa. Miraa itajwe kwa daktari bila haya, maana yaweza kuchochea dalili. Akianza kukakamaa au kutetemeka, arudi dozi ipimwe upya. Asiache dawa mwenyewe. Kama fedha ni chache, na daktari hakuagiza picha, bora ziwe nauli ya kumrudisha kliniki mwezi ujao.